Mume wa Mama Treni

Siku mafundi wa rangi walipopanda kwenye dohani ya kiwanda na kuanza kuichora mistari ya njano na nyekundu, Kipenga alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Alinyanyuka na shuka la kinyozi shingoni, akatoka hadi barabarani, akakodoa macho juu.

"Wanampaka poda," alisema.

"Nani tena?" kinyozi akauliza, wembe mkononi.

"Dohani. Mtu mzima na heshima zake, wanampaka poda kama bibi harusi."

Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta. Kipenga hakucheka. Kwa miaka mingi alikuwa mnyapara wa tanuri katika kiwanda kile cha saruji. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Wafanyakazi walimwita Kipenga kwa ajili ya ile filimbi aliyokuwa akiivaa shingoni. Akiipuliza, wanaume wazima wenye ndevu zao walikimbia kama vifaranga. Kisha kiwanda kikafungwa. Mashine zikauzwa chuma chakavu, lango likafungwa minyororo, majani yakaota mpaka kwenye njia za kubebea mawe. Kipenga akabaki na kikohozi chake na kiti cha kudumu pale kwa kinyozi, mahali ambapo ukikaa unaliona lango moja kwa moja.

Nyumba iliendeshwa na cherehani ya mkewe. Mama yule alishona sare za shule mchana kutwa, mguu haupoi. Lakini ukimuuliza Kipenga habari za maisha, alijibu, "Tunayasukuma hivyo hivyo," kana kwamba na yeye mkono wake uko kwenye huo msukumo. Mtaani mkewe aliitwa Mama Kipenga, na Kipenga aliona hiyo ni sawa kabisa. Mke hung'aa kwa taa ya mumewe, ndivyo alivyoamini.

Basi wakaja watu wenye mji wao wa furaha. Waliununua uwanja wote na mabati yake, wakasema hapo patakuwa pahali pa mabembea, vigari vya kugongana, gurudumu kubwa la kuwapandisha watu hadi juu wauone mji, na treni ndogo ya kuwazungusha watoto katikati ya majengo ya zamani. Mtaa ukachangamka. Kipenga akanuna.

Jioni moja mkewe aliingia akamkuta anasikiliza redio. Akavua kanga ya kichwani, akakaa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nimepata kazi."

"Ya kushona?"

"Ya kufagia. Kiwandani."

"Kiwanda kipi?"

"Kwani mtaa huu una viwanda vingapi, baba watoto?"

Kipenga alizima redio. Enzi zile, wake wa wafanyakazi walileta vyakula vya mchana mpaka langoni, mlinzi akavipokea, wao wakageuza. Siku moja, wakiwa bado wachanga wa ndoa, mkewe alimwomba amwonyeshe hilo tanuri analolisimulia kila siku, naye akamjibu, "Kule si pa wanawake." Neno hilo halikuwahi kurudiwa kwa sababu ombi halikuwahi kurudiwa. Sasa huyu huyu ataingia na ufagio, atatembea popote.

"Utachoka," alisema.

"Nimeshachoka na cherehani. Acha nichokee kwingine."

Alianza na ufagio kweli. Lakini dereva wa treni ndogo, aliyeajiriwa kabla mji wa furaha haujafunguliwa, aliacha kazi ghafla, na wakati mameneja wanakuna vichwa, yule mama mfagiaji akasema, "Nifundisheni mimi." Wakacheka, wakamfundisha, wakaacha kucheka. Mji ulipofunguliwa, yeye ndiye aliyekuwa amekaa mbele, kizibao cha kung'aa kifuani, kofia kichwani, maiki mdomoni, akiwavuta watoto mabehewa mazima huku akiwaambia washike mikono ndani.

Hapo ndipo ugonjwa wa Kipenga ulipoanza.

Kwanza ulikuwa ni mazungumzo ya mezani. Mkewe, ambaye zamani alikula kimyakimya akimsikiliza yeye, sasa ndiye mwenye habari. Leo mtoto fulani amekataa kushuka. Leo gurudumu limekwama, watu wakaimba juu kule kama kwaya. Na katikati ya kila habari, kama mfupa katikati ya tonge, palikuwa na neno moja: Fundi.

"Fundi amesema treni ina roho kama punda, ukiipigia kelele inagoma."

"Fundi ameniambia nipunguze mwendo pale kwenye tanuri."

"Fundi nani huyo?" Kipenga akauliza siku moja, akijifanya anatafuta chumvi.

"Fundi wa mitambo. Ndiye aliyenifundisha kuendesha. Mcheshi huyo! Ukimsikia utafurahi."

Kipenga hakuona atakachofurahia. Alimchunguza mkewe. Alikuwa akiimba akiwa bafuni. Alinunua mafuta mapya ya mikono. Alivaa suruali ya kazi, na suruali yenyewe, Mungu amsamehe, ilimpendeza. Lini mara ya mwisho mwanamke huyu alicheka mpaka akajifuta machozi katika nyumba hii? Kipenga alitafuta kumbukumbu hiyo, akaikosa.

Kinyozi naye hakusaidia. Kinyozi ana mikono miwili na mdomo mmoja, lakini mdomo ndio unaofanya kazi zaidi.

"Mimi sisemi kitu," alisema huku akimkata ndevu. "Ila wanakula pamoja mchana. Kivulini. Mimi sisemi kitu."

"Umewaona?"

"Wateja wameona. Na lisemwalo lipo, kaka. Kama halipo, laja."

Siku hiyo hiyo Kipenga alikwenda dukani kununua sabuni. Mama mwenye duka alikuwa na mgeni, akamtambulisha kwa furaha: "Huyu ndiye mume wa Mama Treni!" Mgeni akampa mkono kwa bashasha, akasema watoto wake wanampenda sana mkewe. Kipenga alitoka bila sabuni. Njia nzima jina lile lilimgonga kichwani. Mume wa Mama Treni. Yaani mtu anaweza kuishi miaka yote hiyo na jina lake, kisha likafunikwa kama chungu na kifuniko cha mwenzake.

Kesho yake alikwenda langoni. Alikuwa amejiapiza hatanunua tiketi kuingia mahali alipoacha mapafu yake, kwa hiyo alisimama tu, mikono nyuma, akimtazama mlinzi aliyekuwa hamjui. Wakati huo meneja, msichana mwenye miwani na simu mbili, akatoka mbio akilalamika kwamba mtu wa kuvaa vazi la mdoli wa kuchekesha watoto ameanguka kwa joto, amepelekwa nyumbani na hataki tena kurudi. Macho yake yakamwangukia Kipenga. Yakashuka kwenye tumbo. Yakatulia hapo.

"Mzee, shikamoo. Unatafuta kazi?"

Kipenga alitaka kusema yeye hatafuti kitu. Lakini kwa mbali alisikia king'ora cha treni, na sauti ya mkewe kwenye maiki, na baada yake kicheko cha mwanamume.

"Mdoli gani?" akauliza.

Walimpeleka kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mdoli alikuwa ametundikwa ukutani. Aliitwa Bwana Vumbi. Alikuwa na kofia ngumu kubwa kama sufuria, masharubu ya manyoya, tumbo la sponji lililotangulia mbele, viatu kama mitumbwi, na shingoni, kwa kamba nyekundu, filimbi ya plastiki yenye ukubwa wa kopo. Kipenga alimtazama, na Bwana Vumbi akamtazama.

"Huyu mmemtoa wapi?" sauti yake ilikwaruza.

"Ni mnyapara wa zamani," alisema meneja, akicheka. "Tulitaka kitu cha historia ya mahali. Mama Treni ndiye aliyetueleza walikuwaje. Anavyowaigiza! Tulikufa kwa kucheka."

Damu ilimpanda Kipenga mpaka masikioni. Alikuwa karibu kuondoka. Ndipo meneja akaongeza: "Sharti ni moja. Ukishavaa, huongei. Bwana Vumbi hasemi. Hakuna anayejua ndani yupo nani, na ndio raha yake."

Kipenga aliinyoosha mikono, wakamvisha.

Nyumbani alisema amepata kibarua kwa rafiki, cha kubeba mbao. Mkewe akasema, "Mungu ni mwema," akaendelea kusimulia habari za treni.

Ndani ya Bwana Vumbi palikuwa na giza, joto na harufu ya jasho la mtu mwingine. Dunia aliiona kupitia wavu mdogo mdomoni. Watoto walimning'inia tumboni, wakavuta masharubu, mmoja akampiga teke la ugoko na kukimbia. Mwanzo aliwachukia wote. Lakini hakuwa amekuja kwa ajili yao. Alisogea kidogo kidogo, akipunga mkono huku na huku, mpaka akafika kituo cha treni, na hapo akaweka kambi.

Alimwona mkewe akifanya kazi, na hilo hakuwa amejiandaa nalo. Aliingiza treni kituoni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Aliteremka, akakagua milango mmoja mmoja, akamfunga mtoto mkanda, akamtania baba mmoja mnene kwamba yeye ahesabiwe kama behewa. Watu wakacheka. Kisha akapanda, akashika maiki: "Tunaingia kwenye jumba la tanuri. Hapa moto haukuzimwa usiku wala mchana, na wanaume walirudi nyumbani weupe kama wameangukia unga. Semeni, poleni wanaume!" Na watoto wote wakapiga kelele, "Poleni wanaume!"

Kipenga alisimama na mikono yake ya sponji. Aliona fahari, na papo hapo fahari ikageuka ikamng'ata. Jumba lile lilikuwa lake. Pole ile ilikuwa yake. Anaigawaje mwanamke ambaye hakuwahi kuingia humo hata siku moja tanuri likiwaka?

Fundi naye akaonekana. Mrefu, mwembamba, pengo kwenye meno ya mbele, mikono ya grisi. Kila treni ikisimama alikuja kutazama magurudumu, na kila akitazama magurudumu alikuwa na neno la kusema, na kila neno lilikuwa na kicheko. Alimletea mkewe maji. Alimshikia kofia upepo ulipovuma. Mkewe alimpiga kibao cha begani, kile cha utani, ambacho Kipenga alikikumbuka kutoka enzi za uchumba. Ndani ya kichwa cha mdoli, alisaga meno.

Kilichomchanganya zaidi kilikuja mchana. Mkewe alimfuata Bwana Vumbi mwenyewe.

"Wewe baba, utaanguka kama mwenzako," alisema, akampitishia mrija wa chupa ya maji kwenye wavu. "Kunywa. Taratibu. Haya, njoo kivulini, uketi."

Akamshika mkono, akamwongoza, akamkalisha kwenye tofali kandokando ya ghala la zamani. Akaanza kumpepea kwa kofia yake. Kipenga alikunywa maji. Sauti ile! Lini alizungumza naye kwa sauti ile nyumbani? Alimwonea wivu Bwana Vumbi, wivu wa kweli kweli, kisha akakumbuka kwamba Bwana Vumbi ni yeye, na hilo halikumpunguzia kitu.

Ikawa desturi. Kila mchana mkewe alikula karibu na mdoli, na kwa kuwa mdoli hasemi, yeye alisema. Watu hupenda sikio lisilo na ulimi. Alimweleza habari za mgongo wake, za binti yao aliyeolewa mbali ambaye hapigi simu mpaka apigiwe, za treni. Kipenga alisikiliza akiwinda jina moja tu, la Fundi. Hakulipata. Alichopata ni kingine.

"Mume wangu alikuwa mkubwa hapa," alisema siku moja, akimenya chungwa. "Huyo unayemvaa, ni yeye nusu. Nusu ya kuchekesha. Hiyo nyingine nimeificha." Akala kipande kimoja. "Siku kiwanda kilipofungwa alilia. Alikaa kitandani akalia kama mtoto, na mimi nikamshika kichwa. Halafu nikasema nakwenda uani kuanua nguo. Unajua nilifanya nini huko uani? Nilicheka. Niliziba mdomo kwa shati lake nikacheka kwa furaha. Usimwambie mtu."

Bwana Vumbi hakutikisika. Ndani yake mtu alikuwa amekatwa.

Wakati huo huo Fundi akatokea, akachuchumaa karibu na yule mama, akashusha sauti. Lakini sponji haizibi sauti.

"Dada, umeshamwambia mumeo?"

"Bado."

"Mwambie leo. Jambo hili si la kuficha, litamfikia kwa watu."

"Ninaogopa uso wake," alisema mkewe. "Hujui uso wake unavyokuwa."

Wakanyanyuka, wakaelekea kituoni, bega kwa bega. Kipenga aliwafuata. Hakukumbuka baadaye alivyoupita umati. Anachokumbuka ni viatu vile vikubwa vikipiga sakafu, pwa, pwa, pwa, na watoto wakishangilia wakidhani ni mchezo. Alipofika mbele ya treni iliyojaa familia, alishika kichwa cha Bwana Vumbi kwa mikono miwili, akaking'oa.

"Aniambie nini?" alinguruma. "Nimekuja! Niambie hapa hapa!"

Mtoto mmoja akapiga yowe: "Wamemkata kichwa Bwana Vumbi!" Wenzake wakaangua kilio behewa kwa behewa.

Mkewe alisimama, maiki mkononi, mdomo wazi. Fundi alinyoosha mikono, "Mzee, tulia," na Kipenga akamsukuma. Lakini tumbo la sponji lilifika kabla ya mikono, likamrudisha nyuma yeye mwenyewe, kiatu kikakanyaga kiatu, akaenda chini chali. Akajaribu kuamka, tumbo likakataa. Akabingirika kushoto, akabingirika kulia, miguu hewani kama mende aliyepinduliwa. Wazazi, waliokwisha kuamua kwamba haya ni maigizo, wakapiga makofi. Watoto wakasahau kulia wakacheka.

Mkewe alimtazama. Hakucheka, na hakumsogelea.

"Kumbe ni wewe," alisema polepole. "Siku zote hizi ulikuwa wewe."

Kisha akapanda kwenye treni, akavuta pumzi, akaweka maiki mdomoni. "Mikono ndani, wanangu," alisema, na sauti haikutetemeka. Treni ikaondoka.

Fundi ndiye aliyemwinua, akamburura mpaka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akamfungua zipu mgongoni. Kipenga alikuwa amelowa jasho, anakohoa.

"Uliza unachotaka kuuliza," alisema Fundi.

"Wewe na mke wangu."

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. "Sitakudanganya, mzee. Angekuwa hana mume, ningejaribu bahati. Nampenda anavyofanya kazi, nampenda anavyocheka. Lakini ana mume, na yeye mwenyewe hanisahaulishi hilo. Kila mfano anaotoa ni wa mume wangu hivi, mume wangu vile. Nimekuchoka kabla sijakuona."

"Basi ni jambo gani ananificha?"

"Amepandishwa cheo. Kuanzia wiki ijayo ni msimamizi wa mitambo yote, wafanyakazi wote chini yake. Hata mimi." Akatafuta neno rahisi zaidi. "Yaani mnyapara."

Kipenga alikaa kwenye benchi. Alikuwa amekuja tayari kwa mwanamume. Mwanamume unamvamia kwa ngumi, au unamshtaki kwa wazee, au unamwacha mke na kuomba huruma ya mtaa. Kwa hili hakuwa na silaha. Heri ingekuwa ni huyu mwenye pengo, aliwaza. Na wazo lenyewe likamtisha, kwamba mtu anaweza kutamani kusalitiwa kuliko kupitwa.

Jioni mkewe alirudi nyumbani kwa wakati wake wa kawaida. Alivua viatu, akakaa kwenye kiti cha cherehani, ambayo siku hizi ilikuwa imefunikwa kitambaa. Walitazamana.

"Ulicheka," alisema Kipenga. "Nilikuwa nalia, ukaenda kucheka."

"Nilicheka."

"Na hujuti?"

"Nijutie nini? Ulikuwa ukikohoa mpaka kitanda kinasogea. Wenzako wa tanuri, umewazika wangapi? Mimi nilikuwa nikilala nasikiliza kifua chako, nikisema kesho ni zamu yake. Wakafunga lango, nikajua umebaki. Ulitaka nilie?"

Kipenga alikohoa, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Na nikuambie lingine, kwa kuwa umependa kusikiliza," alisema mama, sauti ikipanda. "Wanawake wengine waume zao walikuwa na vimada, wakajua mlango wa kwenda kugombana. Mimi kimada wako alikuwa na dohani! Ulimwendea alfajiri, ukarudi umechoka, umenyamaza, harufu yake mwilini mwako. Ukiota, unaota yeye. Nilikionea wivu kiwanda kile kuliko mwanamke yeyote. Na ukaniambia si pa wanawake."

"Sikujua."

"Nilikuambia! Nilikuambia kwa maneno haya haya, miaka nenda miaka rudi. Hukusikia, mpaka ulipovaa kichwa cha sponji ndipo ukapata masikio. Na yale uliyoyasikia hayakuwa yako. Niliyatoa kwa mtu nisiyemjua kwa sababu hajui kununa. Umeniibia."

Neno hilo lilimkaa. Alitaka kuomba radhi, lakini mdomo ulitoa kingine. "Siwezi kuwa chini ya mke wangu."

"Hakuna aliyekuomba," alisema, akainuka. "Kazi nimeikubali. Wewe kaa nyumbani, au kaa kwa kinyozi. Chagua kiti."

Alikaa kwa kinyozi. Kinyozi alitaka kujua yote, na alipoona hapati, akaanza kusimulia mwenyewe, kwa nyongeza za pilipili, hadithi ya mnyapara aliyeanguka chali. Wateja walicheka mbele ya Kipenga bila haya. Mkewe sasa alitoka mapema zaidi na kurudi na funguo nyingi kiunoni. Walizungumza kwa adabu, kama wapangaji. Karibu, asante, chakula kipo. Adabu ile ilimuuma kuliko matusi.

Kisha wakaajiri Bwana Vumbi mpya. Kipenga alimwona kwa mbali kupitia lango: kijana mkavu kama ufito, tumbo linamcheza kushoto na kulia, masharubu yamekaa upande, anapunga mkono kwa uvivu. Hata hatua hajui! Mnyapara hatembei hivyo. Mnyapara hutanguliza kifua. Mtoto mmoja alitoka langoni akimwambia mama yake, "Bwana Vumbi wa zamani alikuwa mzuri zaidi, huyu hajui kuanguka." Kipenga alikaa na sentensi hiyo siku mbili nzima. Alishangaa kugundua kwamba anaona wivu tena, safari hii juu ya vazi.

Asubuhi iliyofuata alipiga pasi shati, akaenda kwa meneja.

"Kuhusu wafanyakazi," alisema msichana yule bila kuinua macho kutoka kwenye simu zake, "zungumza na msimamizi."

Ofisi ya msimamizi ilikuwa ghorofani, ngazi za chuma. Kipenga alibisha hodi.

"Pita."

Mkewe alikuwa nyuma ya meza, kalamu sikioni. Alimwona, akamwonyesha kiti. Hakukaa mpaka alipoonyeshwa mara ya pili.

"Nimesikia mdoli wenu ni dhaifu," alisema.

"Nani amesema?"

"Watoto."

"Na wewe una uzoefu?"

Alimtazama aone kama anamkejeli. Usoni palikuwa pakavu, lakini pembe moja ya mdomo ilikuwa inapigana.

"Ninao wa miaka mingi," alijibu. "Mwingi nimeupata kabla ya vazi."

Pembe ya mdomo ikashindwa kidogo, ikatulia. "Sikiliza, baba watoto. Hapa ndani mimi nikisema simama, unasimama. Ukinuna, unanuna baada ya saa za kazi. Na usinisogelee ukiwa umevaa kile kichwa. Ukitaka kunisikia, njoo na uso wako."

Ilikuwa vigumu. "Sawa," alisema, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi na alijua jinsi mkubwa anavyojibiwa, akaongeza, "Sawa, msimamizi."

Nisiseme kwamba wivu ulimwisha. Hiyo itakuwa hadithi ya kumbembelezea mtoto. Alipowaona wafanyakazi wakimkimbilia mkewe na maswali, moyo bado ulimchoma. Alipomsikia akitoa amri, kichwani mwake alitoa amri tofauti, iliyo bora. Lakini kila mchana alikivua kichwa cha Bwana Vumbi, akakiacha kwenye benchi, akajifuta jasho, akaenda kukaa karibu na mkewe kivulini kwa uso mtupu. Siku za kwanza mama alikula bila kusema. Hakuwa amezoea kuzungumza na uso ule. Kipenga naye alijilazimisha kungoja. Siku moja mama akaanza kulalamikia breki za gari moja la kugongana, na Kipenga, aliyekuwa na maoni kuhusu breki hizo, akayatafuna pamoja na mkate.

Wiki chache baadaye mama alikaa kitambo bila kufungua chakula chake.

"Fundi anaondoka," alisema. "Amepata kazi kwenye mji mwingine wa furaha, mbali. Mwisho wa mwezi huu."

Kipenga aliyatazama macho yake. Yalikuwa na maji. Ule moto wake wa zamani ukaruka kifuani, mzima, kama haujawahi kupoa, na maneno yakampanda mpaka kwenye meno: afadhali, aende salama, apotelee huko huko. Aliyashikilia.

"Utamkosa," alisema.

"Nitamkosa sana."

Ilimuuma. Alikaa pale pale na maumivu yake, akafungua chombo cha chakula cha mkewe, akamwekea mapajani.

"Kula," alisema. "Halafu uniambie."

Na mama akala kidogo, akaanza kumweleza siku ya kwanza alipokanyaga pedali ya ile treni, jinsi alivyoogopa, na jinsi Fundi alivyomwambia asiitazame miguu yake.